Uwele Uliobaki Ikulu

Nilipofika kwenye kibuyu, mama mkwe akakohoa.

Alikuwa amesimama nyuma ya wanafunzi, kanga imefungwa kifuani, viatu mkononi, kwa sababu sakafu ya nyumba ile hakuwahi kuikanyaga na viatu na hakuona kwa nini aanze uzeeni. Mimi nilikuwa mbele, nimenyooka kama askari, na kijiti changu cha kuonyeshea. "Na hiki," nikasema, "ndicho kibuyu alimotunzia Mtemi dawa yake ya mvua." Kikatoka kikohozi cha pili, kirefu kuliko cha kwanza. Mwalimu wa wale watoto akampa pole, akidhani mama wa watu ana kifua. Kifua hakuwa nacho. Alichokuwa nacho ni adabu: mama hawezi kumwita mke wa mwanawe mwongo mbele za watu, basi anakohoa.

Ulikuwa mwaka uliofuata Azimio. Nyumba ya Mtemi, ile ya mawe na bati kwenye kilima nje ya Nduguti, ilikuwa imefungwa tangu utemi ulipofutwa, na raia wake waliobaki walikuwa popo. Serikali ikaifungua iwe makumbusho ya mkoa, wananchi waje waone historia yao bila kupiga magoti. Mimi nilikuwa na darasa langu la nane na Kiswahili cha redioni, nikapewa kazi ya kuongoza wageni. Mkubwa wangu alikuwa Ndugu Mughwai, mtu wa upande wa Ikungi, mwenye moyo mzuri na hofu nyingi. Vibao vyote aliviandika yeye. Alikuta vitu vimelala kwenye vumbi, hakuna wa kumweleza, na kwa kuwa kila mtu alijua watemi walileta mvua, kibuyu pekee kilichokuwa kimezibwa akakiandika cha mvua. Nani angemlaumu?

Mama mkwe alikiona siku ya ufunguzi. Tulipofika nyumbani akaketi kwenye jiwe la kusagia na kuniambia, "Kile kibuyu ni changu. Kina uwele wa mama yangu."

Zamani, kabla ya kupanda, kila mji ulipeleka mbegu ikulu ziguswe dawa. Kuzichukua kulikuwa na utaratibu wake: aliyekuwa ndani alikishika kibuyu, akaita jina la mwenye mbegu, mwenyewe akaitika akiwa nje, ndipo kibuyu kikavuka kizingiti. Hakuna aliyepokea kimya kimya. Mwaka ule wa mwisho mama mkwe alipeleka chake kama kawaida, na kabla hakijaitwa, mama yake mzazi akafariki huko Shelui. Mfiwa hakanyagi ikulu mpaka matanga yaanuliwe. Yalipoanuliwa, mwaka ulikuwa umegeuka, watemi hawapo tena, na mlangoni linaning'inia kufuli la serikali.

Uwele ule ulikuwa na ndevu. Masuke yake yalikuwa na miiba myembamba ambayo ndege hawakuiweza. Huu tulioazima baadaye ulikuwa mnene, mtamu, na uchi, na kwelea kwelea waliupenda kuliko tulivyoupenda sisi. Filipo, mume wangu, alikuwa Itigi kwenye kazi za reli, kwa hiyo shamba lilikuwa letu wanawake wawili. Tangu alfajiri mpaka jua lizame mama mkwe alishinda juu ya dungu, kile kichanja cha kulindia shamba, anapiga debe, anapiga kelele, hana kula hana kulala, mpaka sauti ikabaki ya kukwaruza. Mwaka uliotangulia walitushinda. Walishuka kama wingu, na kufika mchana tulibaki na mabua. Tulikula mlenda na aibu ya kuazima unga. Mvua nyingine zilikuwa zinakaribia, na mbegu tuliyokuwa nayo ilikuwa ileile ya kuwalisha ndege.

Basi akaenda kwa Ndugu Mughwai.

"Mama, kilichomo humu ni mali ya Taifa," akaambiwa.

"Taifa linalima wapi? Nionyeshe shamba lake, nami nitaliachia mbegu."

Mughwai alicheka, lakini hakutoa. Ndipo mama mkwe alipoanza kuja makumbusho. Kila lilipokuja kundi la wageni, naye alikuja. Alipokea shikamoo zake, akavua viatu, akafuata msafara. Mughwai angemzuia vipi, na yeye mwenyewe aliandika mlangoni kwamba nyumba hii sasa ni ya wananchi wote? Kila nilipofika kwenye kibuyu, alikohoa. Nilimwogopa Mughwai kwa sababu ya kazi, nikamwogopa mama mkwe kwa sababu ya mambo mengine yote, na katikati ya hofu hizo mbili nilikariri uongo wangu kila siku, nikijua ni uongo.

Kisha wakaja wakubwa kutoka mkoani. Mughwai alitusugulisha sakafu mpaka ikang'aa, akanivuta kando. "Redempta, nakuomba. Leo mkweo asikohoe."

Nilimfikishia ombi hilo asubuhi, tukiwa tumeketi kando ya mafiga. Akanywa uji wake taratibu.

"Nitakuja," akasema. "Na kukohoa sitakohoa."

Hakukohoa. Niliwapitisha wageni kwenye mikuki, kwenye kigoda, kwenye ngozi ya chui iliyoliwa na mende, tukafika kwenye kibuyu. Nikanyoosha kijiti. Nikangoja. Kule nyuma kimya. Sijui kama mtu aliyewahi kusutwa kwa maneno anaweza kuelewa jinsi kimya kile kilivyonisuta. Nilimfikiria juu ya dungu, mdomo wazi, sauti haitoki.

"Hiki," nikasema, "kibao kinasema ni cha dawa ya mvua. Si kweli. Ni kibuyu cha mbegu za uwele. Mwenyewe ni yule pale nyuma, mama mkwe wangu, na ndege wanammaliza."

Mughwai alifumba macho. Wageni wakageuka wote kumtazama mwanamke aliyeshika viatu mkononi. Yeye akapita katikati yao, akafungua mzigo aliokuja nao mgongoni, akatoa kibuyu kingine, kipya, kikubwa.

"Sitaki kuwaachia pengo," akamwambia Mughwai. "Hiki ni kikubwa zaidi. Humu tieni mvua mnayoitaka."

Wakubwa walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Mughwai alitazama nyuso zao, akaona hakuna aliyekasirika, rangi ikamrudia. Naye alikuwa mkulima, na mtama wake nao uliliwa. "Kibuyu kwa kibuyu," akasema. "Taifa halijapungukiwa." Akakitoa juu ya meza na kumnyooshea.

Mama mkwe akaficha mikono mgongoni.

"Hivyo sipokei. Hivyo ni kuiba, na mbegu ya wizi haioti. Niitwe."

Alimweleza utaratibu. Jasho lilimtoka Ndugu Mughwai. "Mimi, mtu wa chama, niite majina ndani ya nyumba ya Mtemi, na wageni wa mkoa wamesimama hapa? Kesho mtasikia Mughwai amerudisha utemi!" Akanitupia kibuyu mikononi. "Chumba ni chako. Ita wewe."

Mama mkwe alikuwa ameshatoka. Alisimama barazani, juani, ametupa mgongo.

Kwetu mke hataji jina la mama mkwe wake. Halitaji akiwepo, halitaji asipokuwepo. Kanisani kulikuwa na mwimbaji aliyeitwa jina hilohilo, nami kwa miaka yote nilimwita "yule wa sauti ya kwanza". Sasa nilikuwa nimeshika kibuyu chepesi, chenye alama ya moto shingoni, na wageni wote wananitazama, na yeye hageuki. Ndipo nilipoelewa kwamba alilijua hili tangu mwanzo. Alijua Mughwai hataita. Kwa muda wote ule aliokuwa akikohoa, alikuwa akinisubiri mimi.

Nikasogea mpaka kwenye kizingiti. "Dorkas," nikasema.

"Sijasikia."

Nikaita kwa sauti ya kuinga ndege, sauti aliyonifundisha yeye, mpaka bati likarudisha mwangwi.

"Dorkas!"

"Bee!" akaitika, haraka, kama mtoto aliyesikia mama yake anamwita kutoka jikoni. Akageuka, akaja na mikono miwili mbele. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. Kibuyu kikavuka.

Tulipokizibua, harufu ya majivu na nta ikajaa nyumba. Punje nyingi zilikuwa zimekwisha kuwa unga. Mama mkwe alipepeta, akachambua, akazipanda zilizobaki nyuma ya jiko kwa mkono wake. Hazikuota zote. Zilizoota tuliziacha ziwe mbegu, hatukula hata suke moja, ingawa njaa ilitubishia hodi mwaka ule. Msimu uliofuata tukapanda shamba zima, na majirani nao tukawagawia. Jina lile sikulitaja tena, wala yeye hakuniomba, na kati yetu mambo yaliendelea kama kawaida: shikamoo mama, marahaba mwanangu.

Mwezi wa nne ndege wakaja. Kutoka kila upande wa bonde, kwa wale waliochelewa kupata mbegu, tulisikia madebe yakigongwa. Mama mkwe alipanda juu ya dungu na debe lake kwa mazoea tu. Nilikuwa chini, napalilia kunde. Wingu lilitua kwenye uwele wetu, ndege wakachomwa, wakapiga kelele, wakainuka wote pamoja na kwenda zao. Wakajaribu tena. Wakaenda zao.

Nilimpelekea maji ya kunywa. Nilipochungulia juu ya dungu, debe alikuwa ameliweka kando na kichwa amekilaza juu ya mkono. Mchana kweupe, katikati ya msimu wa ndege, mama mkwe alikuwa amelala.

Nikashuka na maji yangu, polepole, nisije nikatikisa nguzo.