Mtoa Sauti wa Kidato cha Pili

Siku hizi Vaileth ana vyerehani viwili kule Njiro, na mteja akiingia wanaongea mpaka chai inapoa. Wateja hawaamini akiwaambia kwamba alimaliza kidato cha kwanza bila kuinua mkono darasani hata mara moja. Wanadhani anatania. Yeye anaendelea kupiga pasi, mawazo yamepanda juu kule Olmotonyi, kwenye shule ya kata iliyozungukwa na kahawa na migomba, ambako Julai ukungu ulikuwa unaingia darasani kama mwanafunzi aliyechelewa.

Shule ya msingi alikuwa anasema. Si sana, ila alikuwa anasema. Halafu akaingia sekondari, na siku ya kwanza tu kila kitu kikageuka Kiingereza. Hesabu Kiingereza, mifupa ya sungura Kiingereza, hata kwenda chooni mpaka uombe kwa Kiingereza. Nyumbani Bibi alimsemesha Kimeru, sokoni wanasema Kiswahili, na hii lugha ya tatu ikamkaa kooni kama kiazi cha moto. Mwalimu akimnyooshea kidole, Vaileth alisimama, akazitazama kamba za viatu vyake, akakaa.

Brightness, aliyekaa dawati la nyuma yake, ndiye aliyempa jina.

"Vaileth Sailenti," alisema siku moja, darasa zima likisikia. "Hii simu jamani haina mlio. Mtikiseni, labda iko vaibresheni."

Aliyepata zaidi yake ni Yona, mvulana mrefu mwenye suruali iliyoishia juu ya kifundo. Yona alikuwa na kigugumizi. Neno likimgota, wenzake walipiga meza: "Sidii imekwaruzwa! Ifute na shati!" Yona alitabasamu, akakaa. Vaileth hakucheka, lakini hakuwahi kumtetea pia, na hilo mpaka leo likimjia anaacha pasi pembeni kidogo.

Kilichowaokoa wote wawili ni kwaya ya shule.

Mwalimu Sifael alifundisha Fizikia, na Jumatano na Ijumaa jioni alifundisha kwaya. Hakuwa na kinanda. Alikuwa na karatasi za manila alizoziandikia nota kwa kalamu nene, na kichuma kidogo chenye ncha mbili alichokigonga gotini, akakiweka sikioni, akaimba: "Do." Na alikuwa na sheria moja. Hakuna kugusa maneno ya wimbo mpaka nota ziive. Wiki nzima, wakati mwingine mbili, waliimba do na mi na so tupu.

Vaileth alizipenda nota kuliko nyimbo zenyewe. Hazikuwa Kiingereza, hazikuwa Kiswahili, hazikuwa Kimeru. Hakuna aliyezaliwa nazo, basi hakuna aliyeweza kumcheka mwenzake. Akiwa katikati ya sauti ya pili, bega kwa bega na wasichana wenzake, alifungua mdomo bila kuutafuta ujasiri. Na Yona, kule nyuma kwenye sauti ya nne, yaani besi, aliimba mistari mizima bila kugota hata mara moja. Kigugumizi hakikuwa kinazijua nota.

Wiki mbili kabla ya mashindano ya kwaya za shule mjini Arusha, kile kichuma kilimponyoka Mwalimu Sifael mfukoni mwa shati alipokuwa ameinama, kikatumbukia chooni.

"Kimezama," alitangaza, uso mkavu. "Na hakuna wa kukifuata."

Kwaya nzima ilicheka mpaka ikakaa chini. Lakini walipotaka kuanza, hakuna aliyejua pa kuanzia. Mwalimu alijaribu kwa kubahatisha, sauti ya kwanza wakapaa mpaka wakakwama. Akajaribu tena, besi wakazama. Ndipo Vaileth, akidhani yuko peke yake ndani ya kichwa chake, akaimba polepole, "So, mi, do."

Ilikuwa ndiyo yenyewe. Kila mtu aliisikia.

"Nani huyo?" Mwalimu akageuka.

Vaileth akainamia kamba za viatu vyake.

"Sailenti, mwalimu!" Brightness akadakia. "Haki ya Mungu, ni Sailenti!"

Mwalimu akamwita mbele. "Umeitoa wapi, mwanangu?"

Vaileth alinyoosha kidole nje, kwenye mti wa mgrevilea uliotundikwa rimu la lori. Ndiyo kengele ya shule. Kiranja aliligonga kwa nondo mara nane kwa siku, na Vaileth tangu kidato cha kwanza alikuwa anajua kwamba rimu lile linalia so. Ukilisikia kichwani, unashuka nalo ngazi kwa ngazi mpaka do. Hakuwahi kumwambia mtu. Angemwambia nani?

"Basi," alisema Mwalimu Sifael, "Arusha utatutolea sauti wewe."

"Mwalimu, mimi siwezi."

"Nikitoa mimi mtaimba kama trekta."

"Siwezi peke yangu, mwalimu."

"Ni nota tatu tu, Vaileth. Usipotaka sitakulazimisha. Ila bila mtoa sauti, kwaya haina haja ya kupanda gari."

Ndivyo raha yake ilivyogeuka mzigo. Kwenye kwaya alipenda kufichwa na sauti za wenzake. Sasa alitakiwa kusimama mbele ya ukumbi wa watu na kuimba kabla mtu yeyote hajaimba. Alifikiri kujisingizia homa. Alifikiri kuacha kwaya. Lakini akiacha kwaya, ndani ya ile shule angebakiwa na nini? Kamba za viatu. Siku kumi na nne alikula loshoro ya Bibi bila kuisikia ladha.

Siku ikafika. Walipanda Kanta ya baba yake Frederick, mmoja wa vijana wa besi, gari la kubebea ndizi, wakashuka mjini wakinuka majani mabichi. Ukumbi ulikuwa wa kanisa, kwaya saba, majaji watatu mezani. Kwaya ya tano iliimba vizuri mno. Kisha wakaitwa wao.

Walijipanga. Mwalimu Sifael akamtazama Vaileth, akamwashiria kwa kichwa aanze. Vaileth akafumba macho kulitafuta rimu lake. Na wakati huohuo, juu ya mnara, kengele ya kanisa ikapigwa ya saa sita. Ilikuwa kengele kubwa, nzito, inayotetemesha benchi. Kwa miaka miwili masikio yake yalizoea jambo moja: chuma kikilia, hiyo ni so. Hata hakuwaza. Akaishika kengele ile, akashuka nayo.

"So, mi, do."

Alijua amekosea kabla hajafunga mdomo. Do ile ilikuwa chini kama sakafu. Brightness, mbele kwenye sauti ya kwanza, alimtupia jicho la "umetuua." Lakini mkono wa Mwalimu ulishashuka, na kwaya haina pa kukimbilia. Inaimba ilichopewa.

Sauti ya kwanza walisikika kama watu wanaosoma barua. Sauti ya pili walinguruma. Besi walishuka, wakashuka, kisha Frederick akabaki anafungua mdomo bila kitu, na jirani yake hivyohivyo, mmoja mmoja kama taa zinazozimwa. Vaileth akasubiri wimbo uanguke.

Haukuanguka. Chini kabisa kulikuwa na sauti moja imebaki, pana, imetulia, haitetemeki. Watu kwenye mabenchi walianza kunyoosha shingo wamtafute mwenye nayo. Alikuwa Yona. Amesimama na suruali yake fupi, amefumba macho, ameubeba ubeti mzima peke yake, na hakuna aliyekuwa anajua, hata yeye, kwamba kule chini kuna nafasi yote ile.

Ubeti wa kwanza ukaisha. Mwalimu hakunyanyua mkono. Aligeuza uso kwa Vaileth, akangoja.

Ubeti wa pili ulikuwa wa sauti ya kwanza, unapanda hadi juu, na kwa do ile ungezikwa. Vaileth alielewa anachoulizwa. Angeweza kutazama viatu. Mwalimu angenyanyua mkono, wangemaliza hivyohivyo, na hakuna ambaye angemlaumu hadharani. Au aseme mbele ya ukumbi mzima, kwa mdomo wake mwenyewe, kwamba alikosea.

Rimu halikuja tena kichwani. Kengele ilikuwa imelifuta. Kwa hiyo alianzia palepale pabaya, peke yake, ukumbi mzima ukimsikia, akapanda kama mtu anayetoka kisimani.

"Do. Re. Mi. Fa."

Mtu mmoja nyuma alicheka. Jaji wa katikati akaandika kitu. Vaileth hakuacha. Ile fa akaishika, akaiita do, akaiimba upya kwa nguvu: "Do! Mi, so, do!"

Mkono wa Mwalimu ukaruka. Brightness na wenzake wakapaa na ubeti wa pili mpaka vioo vikaitikia.

Walishika nafasi ya tano. Walikatwa alama kwa kusimama katikati ya wimbo. Jaji wa katikati, mama mnene mwenye miwani, alisema hajawahi kuona kwaya ikijirekebisha waziwazi namna ile, na akauliza besi ya ubeti wa kwanza wameitoa wapi. Kwaya nzima ikamsukuma Yona mbele, akainamisha kichwa huku anacheka.

Kwenye Kanta, wakipanda mlima, Brightness alikuwa wa kwanza kulianzisha.

"Sailenti, wewe! Ulitaka kutuzika tukiwa hai?"

"Nilisikia kengele nikadhani rimu," Vaileth akajibu. Sentensi nzima, mbele ya watu ishirini na tatu. Gari zima likapasuka kwa kicheko, na yeye ndani yake.

Walipofika njia panda, ni yeye na Yona tu walioshuka kuelekea juu. Baridi ilikuwa imeanza, mlima Meru umejifunika ukungu. Walitembea kipande kirefu kama watu wasiodaiana maneno.

"Ulitoa ch-ch..." Yona akagota.

Kwa kawaida hapo ndipo watu walipommalizia neno, au walipompigia meza. Vaileth alipunguza mwendo, akangoja. Ng'ombe wa mtu alilia bondeni, akanyamaza.

"Ch-chini sana," Yona akamaliza.

"Najua. Nisamehe."

Yona akatikisa kichwa. Alivuta pumzi, kama anayetafuta pa kuanzia.

"Hapana," akasema. "S-siku nyingine toa hukohuko."