Siku Mbili Hoteli ya Nyuma

Karibu na stesheni ya Dodoma, wakati wa Mjerumani, palikuwa na hoteli mbili. Moja ya wazungu, yenye baraza la mawe na vitambaa vyeupe mezani. Ya pili yangu, mgongoni mwa ile, vyumba vinne vya udongo na ua. Ukifungua dirisha la mbele unatazamana na ukuta wa jiko lao. Watu wakaiita Hoteli ya Nyuma, na mimi Mwanne, Mrangi wa Kolo, sikukasirika hata kidogo. Wao walikuwa na baraza, mimi nilikuwa na watu. Makuli wa reli, wachuuzi wa chumvi, hata wapishi wa ile hoteli kubwa walikuja kula kwangu, maana vile walivyovipika wenyewe walikatazwa kuvionja. Kila aliyepita aliniachia habari, nami nikampa nyingine ya njiani.

Matonya alifika Jumamosi, saa nane mchana, na gari la moshi. Kijana wa Kigogo, mrefu, shati limefuliwa mpaka limeanza kuonyesha mwili. Alikuwa kwenye genge la reli kule Gulwe, na mkononi alikuwa na cheti cha ruhusa alichokishika kama yai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unalala?"

"Nalala siku mbili, Jumatatu asubuhi naondoka. Nataka chumba chenye dirisha la njiani. Mke wangu anakuja kutoka Msalato."

Abbasi, fundi cherehani aliyekodi kibaraza changu, akasimamisha gurudumu lake. Abbasi hakupata kuona neno likipita akaliacha lipite.

"Mke wa ndoa?"

"Wa ndoa."

"Mke wa ndoa ana nyumba, bwana. Mtu akilipia kitanda cha hoteli ili alale na mkewe mwenyewe, basi ama ni mzungu ama ana kesi."

Kibaraza kizima kikacheka. Matonya naye akacheka, lakini kicheko chake kiliishia kwenye meno. Nikajua ana kesi.

Alinieleza jioni ile tukiwa uani, mimi nachambua mlenda, yeye ameketi kwenye kinu kilicholazwa. Mkewe aliitwa Raheli, alikuwa na mimba ya kwanza, ya miezi saba kwa hesabu yao. Wakati wa mavuno Raheli alitaka kwenda kwa mama yake akajifungulie huko. Matonya akakataa, wakagombana, na kwa hasira akamtamkia: "Ukienda, nenda moja kwa moja, usirudi." Kisha akapanda gari la moshi akaenda kazini bila kuaga. Raheli akaenda Msalato. Miezi miwili hawajaonana.

"Neno lenyewe dogo," nikamwambia.

"Kwetu si dogo, mama. Mume hamwambii hivyo mwanamke mwenye mimba."

Ndipo akamtuma mchuuzi wa chumvi amwambie Raheli: njoo mjini Jumamosi, tupumzike siku mbili kama wazungu, ulale kitandani, unywe chai ya sukari, tutembee tukaangalie maduka ya Wahindi. Raheli akajibu atakuja.

"Si ungemfuata huko huko Msalato?"

Akaniangalia kama nimesema jambo la aibu. "Kwa mama mkwe? Nitalala wapi?"

Nilisahau kidogo. Kwetu Warangi tunawaheshimu wakwe, lakini Wagogo wamezidi. Mkwe wa kiume hakai ua mmoja na mama wa mkewe, hamwangalii usoni, hata njiani akimwona kwa mbali huingia porini mpaka apite. Majina hawatajiani. Lenye haja ya kusemwa hupitia kwa mtu wa katikati.

"Sasa Raheli akija utamwambia nini?"

"Nitamwambia nimelirudisha lile neno. Asijifungue nalo."

Raheli hakuja Jumamosi. Kila mwanamke aliyepita na mzigo kichwani, Matonya alisimama. Alikuwa ametandika kitanda mwenyewe, akanunua na kioo kidogo akakitundika ukutani. Abbasi hakumhurumia. "Bwana arusi, mbona umeshika dirisha? Ukuta hautaanguka!" Watu wakacheka tena, nami nikacheka nao, maana ndiyo ilikuwa nyumba yetu, anayeumwa jino anachekwa na anayeumwa tumbo.

Jumapili asubuhi, jua halijapanda sana, tulikuwa kwenye chai na vitumbua. Wageni tele, maana Jumapili makuli hawakufanya kazi. Matonya alikuwa dirishani na kikombe chake. Mara akakiweka chini chai ikamwagika.

"Mkwe wangu!"

Nikachungulia. Upande wa pili wa njia, chini ya ukuta wa jiko la wazungu, alikuwa ameketi mama mmoja mtu mzima, mguu wote vumbi mpaka magotini. Ametupa mgongo, na amejifunika nguo kichwani.

"Una hakika gani? Uso hauonekani."

"Ningeuonaje uso? Mgongo ndio ninaoujua." Alikuwa amekwisha rudi nyuma mpaka kwenye pembe ya chumba. "Amemsindikiza Raheli. Raheli atakuwa amebaki nyuma anapumzika, na tumbo lile. Mama hawezi kuingia humu mimi nikiwamo. Mama Mwanne, nionyeshe njia ya uani."

"Si nitoke nikamuulize kwanza?"

"Nipishe kwanza, ndiyo heshima. Nitakaa kule kwenye tangi la maji la gari la moshi mpaka aondoke. Raheli akiingia mpe chai, mtilie sukari nyingi."

Akaruka ua wa miti akaenda zake. Jitu zima, limetoroka kibibi! Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikamsimulia Abbasi, Abbasi akawasimulia waliokuja kushonewa suruali, na kila mgeni mpya aliyeingia nilimpeleka dirishani: "Huyo ndiye aliyemkimbiza Matonya wa reli." Wakachungulia, wakacheka. Mmoja akaigiza vile alivyoruka ua, akaanguka kweli, tukacheka zaidi.

Nilikusudia kumpelekea yule mama chai. Wallahi nilikusudia. Lakini vitumbua vilikuwa motoni, mara huyu anataka kahawa, mara yule ana habari ya ugomvi wa bomani. Nikasema moyoni: akishatulia ataingia mwenyewe, mkwewe si amempisha? Wala sikufikiri kwamba aliyekupa mgongo hakuoni ukitoka.

Kufika saa saba bado alikuwa pale pale. Kivuli cha ukuta kilikuwa kimekwisha, jua linampiga utosini, na yeye hajageuka hata mara moja. Hapo kicheko kikaniishia. Nikachukua kata ya maji na ugali kidogo, nikavuka njia, nikamwamkia Kigogo.

"Mbukwenyi, mama."

"Mbukwa," akaitikia, sauti imekauka. Hakuyagusa maji. "Yumo?"

"Nani, mama?"

"Mwenyewe. Wa reli."

"Hayumo. Ametoka tangu asubuhi, amekupisha wewe uingie."

Akageuza uso akanitazama. Sikupata kutazamwa hivyo na mtu.

"Tangu asubuhi? Na mimi nangoja anisikie, amtume mtu wa nyumba aje aniamkie. Ningeingiaje? Ningemwitaje, na jina lake silitaji?"

"Kuna nini, mama? Raheli yuko wapi?"

"Raheli ameshikwa na uchungu juzi. Mtoto hatoki."

Akanieleza kwa maneno machache, kama mtu anayehesabu pumzi. Mimba haikungoja miezi yake. Mkunga alifanya yote anayoyajua, kisha akamwuliza Raheli kama kuna neno kati yake na mumewe. Raheli akalitaja. Mkunga akasema hilo ndilo lililomfunga mtoto. Baba wa mtoto aje, ajaze maji kinywani, ampulizie tumboni, aseme hana neno naye. Mtu mwingine hawezi kuyafanya hayo kwa niaba yake.

"Mbona umekuja wewe? Hamkuwa na mwanamume wa kumtuma?"

"Mwanamume gani? Jumbe amewachukua wote, wakavunje mawe ya barabara ya boma. Amebaki babu yake Raheli, na babu haoni. Nimetoka kabla ya mapambazuko."

Sikungoja zaidi. Nilikimbia mpaka kwenye tangi, mimi na mwili wangu huu, ushungi umebaki njiani. Matonya alikuwa ameketi kivulini, amevua viatu. Aliponiona akatabasamu.

"Amekuja?"

Nikamwambia. Sikuchagua maneno. Viatu vyake vilibaki pale pale.

Basi njia ya Msalato ilipita mbele ya nyumba yangu, na mbele ya nyumba yangu alikuwa amesimama mama mkwe. Kwa macho yangu nilimwona Matonya akimwona, akasita hatua moja, kisha akaacha njia akaingia vichakani, kwenye miiba, azunguke.

"Pita njiani!" nikapiga kelele. "Leo hakuna heshima, mwanangu, pita!"

Hakurudi. Tukawa tunasikia tu vijiti vikivunjika, vikaenda vikapotea.

Nilimwachia Abbasi nyumba. Akaenda mwenyewe kuepua sufuria.

Msalato si mbali kwa mtu mwenye miguu yake, lakini yule mama miguu yake alikwisha itumia kuja. Tulikwenda pole pole, vumbi la Agosti likitupiga usoni. Nilijaribu kuongea, maana kunyamaza sikujui: nikamwambia watoto wa miezi saba huishi, nikamtajia watatu wa Kolo kwa majina. Katikati ya njia akauliza neno moja tu.

"Mlikuwa mnacheka nini mle ndani?"

"Mambo ya wageni tu, mama."

"Nilidhani ana furaha," akasema. "Nikasema, basi ana furaha, hasira imemwisha. Nimwache acheke kidogo, halafu watanijia."

Tulifika jua limelala juu ya vilima. Tembe ilikuwa kimya. Nje ya mlango alisimama Matonya, mikono imechanika kwa miiba, mashavu yamejaa. Sikuelewa mpaka nilipoona kata iliyoanguka miguuni pake. Alikuwa ameteka maji mtungini pale nje, akajaza kinywa tayari, ndipo mkunga alipotoka akamwambia. Hakuyatema. Hakuyameza.

Mkunga alikuwa mwanamke mfupi, mikono ameisugua kwa majivu. Akamwambia mama, siyo mimi: "Jua lilipokuwa utosini. Wote wawili."

Mama akapita kuingia, na Matonya alipohisi anapita akageukia ukutani, kama alivyofundishwa.

Nikaingia naye. Raheli alikuwa amelazwa kwenye ngozi ya ng'ombe, amefunikwa mpaka kidevuni, na miguu yake bado ina vumbi jekundu la shamba. Msichana mdogo kuliko nilivyomdhania. Mama akaketi kichwani pake akakipakata kile kichwa.

Mkunga akainama. "Mama mtu, mumewe bado anaweza kumpulizia. Asizikwe na lile neno. Toka kidogo tu, aingie, amalize, utarudi."

"Sitoki."

"Ni kwa ajili ya mtoto wako."

"Sitoki."

Mkunga akanitazama mimi, mtu wa katikati. Nikapiga magoti. Nikamwambia, mama, kijana hakujua, kosa ni langu, mimi ndiye niliyekuona nikakaa na vitumbua vyangu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akamtoa Raheli uchafu kwenye nyusi kwa kidole.

"Nenda kamwambie," akasema, "mimi nimekaa jua zima nikimngoja. Na yeye angoje."

Maisha yangu yote nimebeba maneno ya watu, mengine mabaya, na hakuna lililonishinda. Hilo nilitoka nalo mlangoni nikasimama nalo. Matonya alikuwa ananitazama mdomo. Nikamwambia kama lilivyo. Akaitikia kwa kichwa, maana kinywa kilikuwa na kazi.

Akangoja. Maji yalimtoka pembeni ya midomo, tone baada ya tone, akawa anayazuia kwa kidole. Ndani hakutoka mtu. Babu asiyeona alikuwa akiuliza kutoka kwenye zizi nani amekuja, akauliza tena.

Mwanga ulipoanza kupungua mkunga akatoka tena, mkononi ana jembe. Hakumtazama Matonya usoni.

"Watoto wetu wako barabarani kwa Mjerumani," akasema. "Mwanamume mwenye macho hapa ni wewe. Na yeye hawezi kulala juu ya ardhi mpaka kesho, na mtoto tumboni."

Matonya akautazama mlango. Akautazama mara moja tu, mama hakutoka. Nikaona akiyameza yale maji.

Akapokea jembe.

"Wapi?" akauliza.