Machozi Yaacheni Nyumbani

Shemeji yangu Dale alianguka akikimbia asubuhi, hapo Spokane, akakata roho kabla gari la wagonjwa halijafika. Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Dada yangu Kendra, mkewe, hakutaka matanga. Dale aliishi kwa raha, alisema, basi ataagwa kwa raha. Kwenye mwaliko aliandika tuvae njano, tuje na visa vya kuchekesha, na machozi tuyaache nyumbani.

Mama wa Dale, Verna, mwenye miaka sabini na minane, aliendesha gari peke yake kwa saa sita kutoka Montana. Alishuka amevaa gauni jeusi. Kendra alimkumbatia, kisha akamfunga skafu ya njano shingoni bila kumuuliza.

Watu wakasimulia Dale alivyotumbukia ziwani na ndoano yake, alivyounguza nyama siku ya harusi. Tukacheka, bia mkononi. Verna naye akaomba kusema. Alisimulia kwamba Dale alipokuwa na miaka tisa, akiwa hoi kwa homa, alimuuliza kama atakufa. Yeye akamwahidi kwamba mama ndiye hutangulia. Hapo sauti ikamkatika, akalia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwa mtu mzima.

Kendra akaniinamia sikioni. "Mtoe. Anatuharibia."

Nikamshika Verna mkono. Alidhani nimekuja kumfariji. "Asante, mwanangu," akasema, akaniegemea.

Nilimpeleka gereji, nikamkalisha kati ya baiskeli na matairi ya theluji, nikamwambia arudi akishajisikia vizuri. Nikafunga mlango kwa sababu kilio kilikuwa kinafika kwa wageni.

"Na nyie mnamlilia wapi?" aliuliza kutoka upande wa pili.

Nilikuwa naitwa kwenye picha. Tulipokwenda kukata keki, gari lake halikuwepo.

Baada ya hapo Kendra aliacha kupokea simu za Verna. Mshauri wa saikolojia alimwambia Kendra akae mbali na watu wanaomshusha moyo. Kwa hiyo Verna akanipigia mimi. Mwili wa Dale ulikuwa umechomwa, naye alitaka kujua majivu yatazikwa wapi, aje na maua.

Nilimwambia tulishayamwaga ziwani Jumanne, asubuhi nzuri yenye jua.

"Mbona hamkuniita?"

"Mama, tulitaka iwe siku ya furaha."

Kisha akauliza kama maji yalikuwa baridi, nami nikamwambia ndiyo, yalikuwa baridi sana.