Kuni za Mashoto

Mashoto alingoja mpaka mumewe aanze kukoroma, ndipo akatoka kwa mlango wa nyuma na shoka begani. Ilikuwa saa nane mchana, saa ya watu wenye akili kujilaza, lakini yeye usingizi wa mchana alishauaga tangu kiangazi kianze. Mabega yalimuuma hata kabla hajagusa gogo.

Nyuma ya banda la kuku, chini ya magunia, alikuwa ameficha magogo yote yenye vifundo. Yaliyonyooka, ambayo ungeweza kuyapasua kwa kuyakemea tu, alimwachia mumewe mbele ya nyumba. Fundi, kama kila mtu alivyomwita tangu enzi zake za useremala, alichanja matatu au manne asubuhi, kisha akakaa chini kutafuta pumzi na kusema jua la leo kali. Jua lilikuwa kali kila siku, hata siku za mawingu.

Yote haya yaliletwa na mdomo wake. Mwaka jana binti yao aliwabembeleza wahamie kwake mjini, kuna chumba na jiko la gesi. Fundi akavimba. "Siku nitakayoshindwa kuchanja kuni za nyumba hii, njoo utuchukue," akasema, na Fundi akisema kitu amesema. Kwa hiyo banda la kuni lilipaswa kujaa kabla ya mvua, na lijae kwa jasho lake, au angalau lionekane hivyo. Mashoto hakutaka kuzeekea kwenye chumba cha wageni, akiomba ruhusa ya kufungua dirisha.

Akaliweka gogo juu ya kisiki, akapiga. Shoka likanasa kwenye kifundo. Akalinyanyua pamoja na gogo lake, akabamiza mara ya pili, ya tatu, mpaka akaona vimulimuli. Mara ya nne likakubali. Alipomaliza manne ya namna hiyo alibeba vipande bandani, akavipanga magome juu kama Fundi alivyomfundisha, akivichanganya na vya Fundi mwenyewe. Zilikuwa zimebaki shubiri mbili kufika paa. Akaketi kizingitini, akajiambia anapumzika kidogo tu.

Alipozinduka, Fundi alikuwa amesimama mbele yake, ukuni mkononi, miwani puani.

"Umelala na shoka," akasema.

"Nilikuwa nalihamisha."

Fundi hakucheka. Alikuwa akipapasa alama za shoka kwa kidole gumba, kama alivyopapasa mbao zamani kabla ya kuzipiga randa. "Huu umepigwa kutoka kushoto," akasema. Akachukua mwingine. "Na huu. Hata huu. Mama, nimekula kwa mbao maisha yangu yote. Ulidhani sitaujua mkono wako?"

Mashoto akautazama mkono wake wa kushoto. Ujanja wote wa miezi mitatu, kuficha, kunyata, kuchanganya, na hakuwahi hata siku moja kulikumbuka jina analoitwa.

"Umejua tangu lini?"

"Wiki ya kwanza."

"Ukanyamaza."

"Nilijidanganya nitapata nguvu, nikupokee." Akaketi kando yake, taratibu, akijishika ukutani. "Lakini leo nimekukuta umeanguka hapa kama mzigo, nimeona aibu. Kesho nampigia mtoto aje atuchukue. Nilitoa neno langu."

Mashoto alipaswa kubisha. Maneno alikuwa nayo, ameyaandaa mwaka mzima. Lakini kilichomjia kwanza kilikuwa nafuu, nafuu tele, kama kuvua viatu vinavyobana: kesho hakuna gogo. Akaona haya kwa kufurahi. Huzuni ilikuja baadaye kidogo, ikamkuta amechoka mno kuipokea.

"Haya," akasema.

Fundi akamgeukia. Bila shaka alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. "Haya tu?"

"Haya tu, mzee wangu. Mabega yameisha."

Jioni, alipokwenda kuchukua kuni za kupikia, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye zile za mlangoni, mbichi mbichi, za moshi mwingi na joto kidogo. Ndivyo walivyoishi miaka yote, ili zilizokauka zingoje mvua. Fundi alimwona kutoka kwenye kigoda chake jikoni.

"Chukua zile za ndani kabisa," akasema.

"Za akiba?"

"Tunamwekea nani?"

Mashoto akarudi bandani, akazichomoa kwenye kona, moja moja. Zilikuwa nyepesi, zikigongana zinalia. Moto ulishika kwa njiti moja ya kibiriti, ukasimama vizuri. Jikoni hamkuwa na moshi hata kidogo, ila wote wawili walikuwa wakifuta macho.