Swichi ya Chimala

Kila Jumatano ilipokaribia saa nne asubuhi, masikio ya Mwantumu, opereta wa simu wa shirika la nafaka, yalianza kuwaka moto hata kabla simu haijalia. Baridi ya Iringa ya mwezi wa sita si ya mchezo, watu wanavaa sweta mbili, lakini yeye siku hiyo alilowa jasho mgongoni. Alijua kengele italia, alijua ni laini ya Chimala, na alijua nani yuko upande wa pili.

Mama yake, Bi Chiku, aliuza vitumbua nje ya ghala la shirika kule Chimala, kando ya barabara kuu. Selestini, karani wa ghala, alikuwa mteja wake wa kila siku, na kwa wema wake alimruhusu apige simu Iringa mara moja kwa wiki amsikie bintiye. Tabu ni kwamba Bi Chiku hakuuamini ule waya. Aliona Chimala na Iringa ni mbali, basi naye akapaza sauti kulingana na umbali. Mwantumu aubane mkono wa simu sikioni asiubane, ofisi nzima ilisikia.

"Mwanangu, umekula? Na lile tumbo lako la mwezi, bado linakukata? Nimempa dereva mizizi, uichemshe unywe ikiwa ya moto."

Ofisi ilikuwa chumba kimoja kirefu, meza zimepangwa kama darasani. Crispin, karani wa magari, tangu siku aliposikia hayo hakumwita Mwantumu kwa jina. Akiingia asubuhi alivua kofia na kuuliza kwa upole wa kujifanya, "Dada, tumbo limeamkaje?" Matilda, mpiga chapa, alicheka mpaka akakosea herufi. Mwantumu naye alicheka, maana hakujua afanye nini na uso wake. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, ametoka chuo cha simu Dar es Salaam na cheti kizuri, na makao makuu Mbeya walimsifu kwa sauti yake ya ustaarabu. Ila sauti hiyo ilikuwa ya kuunganishia watu wengine. Ya kujitetea mwenyewe hakuwa nayo.

Asiyecheka alikuwa Nkuba, mlinzi wa mchana, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu. Wazazi wake walikuwa wamehamia bonde la Usangu, jirani na Chimala, na ng'ombe wao kutoka Usukumani, na mkewe Ng'washi alikaa huko nao. Kila asubuhi Nkuba aliwasha jiko la mkaa pale getini, akaliingiza na kuliweka chini ya meza ya Mwantumu. "Vidole vikiganda, dada, utaunganisha na nini?" alisema, kisha akarudi getini kwake.

Mwezi huo, mwaka wa sabini na nane, shirika lilileta mashine mpya ya simu. Ilisemekana kwamba mazungumzo ya safari za malori yalikuwa yanasikilizwa, na magunia yakawa yanapungua njiani. Fundi Othmani alitoka Mbeya kuja kuifunga. Alimweleza Mwantumu kwamba kila laini sasa ina swichi yake yenye vituo vitatu. Juu, kengele inalia kwenye meza zote. Katikati, simu inapita kwa opereta kwanza, naye anaamua aipeleke wapi. Chini, laini imefungwa: anayepiga kule atasikia inalia, lakini huku kengele ni kimya, itapepesa taa nyekundu tu.

"Nani awe wapi, hilo ni lako wewe na meneja," Othmani alisema. "Jaza hii karatasi, swichi kwa swichi, na sababu yake. Mimi ningeiacha Chimala katikati. Lakini ukimfungia mtu, mwarifu siku hiyohiyo. Usimwache mtu anapigia ukuta."

Mwantumu alijaza kwa mwandiko wake mzuri. Makao makuu, juu. Kilolo, katikati. Hospitali ya Tosamaganga, walikopeleka unga, katikati. Alipofika Chimala kalamu ilisimama. Kule hawakuwa na shughuli nyingi na Iringa. Taarifa za mpunga zilikwenda Mbeya, na Iringa yenyewe iliwapigia Ijumaa tu, siku ya malori, na kupiga kutoka huku kulikuwa wazi siku zote. Akaandika: Chimala, chini. Sababu: usalama.

Ndugu Kalinga, meneja, alitia sahihi bila hata kukaa. Na Mwantumu hakumwarifu mtu wa Chimala. Angemwambia Selestini nini, na Selestini angemwambia nini Bi Chiku? Alijiahidi kuandika barua. Ijumaa alipompigia Selestini alimsomea namba za malori haraka haraka, akakata kabla hajaulizwa.

Jumatano ya kwanza, saa nne, taa nyekundu ilipepesa. Mwantumu aliitazama mpaka ikazimika. Kengele haikulia, Crispin hakuinua kichwa. Alijisikia mwepesi, halafu papo hapo akajisikia vibaya, halafu akapokea simu ya Kilolo na mambo yakaendelea. Jumatano ya pili alikuwa ameshajifunza kuweka daftari mbele ya taa.

Wiki ya tatu taa ilianza Jumatatu. Ilipepesa asubuhi, ikapepesa mchana. Jumanne vivyo hivyo, mara tano au sita. Mwantumu aliona mwanga mwekundu kwenye ukingo wa daftari, akawaza kwamba mama amekuwa king'ang'anizi sasa. Jumatano taa ilipepesa tangu saa mbili. Kwenye saa nane ikatulia, naye akashukuru.

Alhamisi ilifika telegramu kwa Nkuba. Baba yake, mzee Bujiku, aliugua Jumatatu, akafa Jumanne, amezikwa Jumatano jioni. Walimngoja mtoto wa kwanza aje kutangulia kutupa udongo, wakachoka kungoja. Nkuba aliisoma, akaikunja, akaomba ruhusa, akaenda stendi akiwa bado amevaa koti la kazi.

Ndugu Kalinga alikasirika. Aliwapigia Chimala mbele ya wote, akauliza kwa nini mtu auguliwe na baba mpaka azikwe, siku tatu nzima bila kuarifiwa, wakati ghala lina simu. Selestini alijibu kwamba wamepiga siku zote tatu, yeye na mke wa Nkuba na mama muuza vitumbua, mpaka vidole vikauma. Meneja alifunika mkono wa simu kwa kiganja, akamgeukia Mwantumu.

"Ililia?"

"Haikulia," alisema Mwantumu.

Ni kweli haikulia. Katika maisha yake hakuwahi kusema neno la kweli lililofanana na uongo namna ile. Meneja alirudi kwenye simu na kumwita Selestini mwongo. Alimwambia asubiri barua ya uhamisho, kuna kituo kule porini kinahitaji karani.

Usiku huo Mwantumu hakula. Ijumaa asubuhi alibisha kwa meneja, mkononi ana karatasi ya swichi. Alisema polepole, akitazama miguu ya meza, kwamba Selestini si mwongo, laini ilikuwa imefungwa, na yeye ndiye aliyeifunga. Ndugu Kalinga aliisoma karatasi, akaona sahihi yake, akaikunja na kumrudishia. Halafu akasema barua ya Selestini hataiandika, hilo limekwisha. Lakini na hili nalo liishe. Sababu imeandikwa, ni usalama, hakuna aliyekosa. Nkuba ana msiba, ya nini kumwongezea mambo ya mitambo?

Alisema kwa wema, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Mwantumu alitoka na karatasi yake. Aliiinua swichi ya Chimala akaiweka katikati, na kwa siku tatu alijaribu kuamini kwamba limekwisha.

Jumanne Nkuba alirudi. Alikuwa amenyoa kichwa, na koti lilionekana kubwa kuliko yeye. Wenzake walimpa pole mmoja mmoja, hata Crispin alisimama. Kisha Nkuba akatoka, akarudi na jiko la mkaa kama kawaida, akainama kuliweka chini ya meza ya Mwantumu.

"Mama yako anakusalimu," alisema. "Amelia na sisi siku zote. Ameniambia simu ililia siku tatu, huku hakuna mtu. Nikamwambia, mama, yule mtoto namjua, hawezi kuacha simu ya mtu inalia. Ni Selestini huyo, kachanganya nyaya. Nimemkataza hata kunisalimia."

Mwantumu alisimama.

"Kaka Nkuba, usimkataze. Niliifunga mimi."

Mashine ya Matilda ilinyamaza.

"Niliifunga laini ya Chimala kwa mkono wangu, nikaandika usalama. Haikuwa usalama. Nilimwonea haya mama yangu, kwa vile anavyoongea. Sikutaka wamsikie."

Nkuba alimtazama. Alikuwa mtu wa langoni, asiyejua mambo ya swichi, lakini alikuwapo siku ile Othmani anaonyesha mashine, amesimama mlangoni akisikiliza.

"Na taa?" aliuliza. "Fundi alisema kuna taa. Hukuiona?"

Hapo ndipo angeweza kujiokoa. Hakuna aliyejua habari za daftari.

"Niliiona," alisema. "Siku zote tatu. Niliiziba."

Nkuba aliinama tena, akalisogeza jiko karibu kidogo na miguu ya Mwantumu, kama mkono unavyofanya kazi uliyoizoea, akajifuta majivu kwenye koti, akatoka. Crispin alijifanya anatafuta kitu kwenye droo. Mwantumu aliketi, akaona mkaa unawaka chini yake, na akatamani usiwe na joto.

Kesho yake, Jumatano, jiko halikuletwa.

Saa nne ilifika. Swichi ilikuwa katikati, kengele ilikuwa tayari, daftari lilikuwa mbali. Taa haikupepesa. Saa nne na nusu haikupepesa. Ilipogonga saa tano Mwantumu alipiga Chimala mwenyewe. Selestini alipokea, akasikiliza pole yake mpaka mwisho. Alisema Nkuba amempigia jana kutoka posta, wamemalizana. Mwantumu alimwomba amwitie mama yake.

Akangoja muda mrefu. Alisikia mlango wa ghala, kandambili zikija, halafu pumzi.

"Mama?"

Kitu fulani kilisemwa, kidogo sana. Alibana mkono wa simu mpaka sikio likauma.

"Mama, sikusikii."

"Nasema hujambo," alisema Bi Chiku, kwa sauti ya mtu anayeongea karibu na mtoto aliyelala. "Sikutaka kukusumbua kazini. Selestini amenieleza. Kumbe huko mnakaa wengi chumba kimoja, mimi sikujua, mwanangu. Ningejua ningenyamaza."

"Sema kwa nguvu, mama."

"Si kuna watu hapo?"

Mwantumu aliinua macho. Crispin alikuwa anamtazama, Matilda alikuwa anamtazama, na mlangoni Nkuba alikuwa amesimama na kitabu cha malori mkononi, anasubiri sahihi.

"Wapo," alisema kwa sauti ambayo ofisi ile haikuwahi kuisikia kwake, kubwa, mbaya, inayotetemeka. "Wapo wote, mama. Nimekula. Tumbo bado linaniuma. Ile mizizi imekwisha, niletee mingine."

Nkuba aliweka kitabu mezani, akaondoka bila kumngoja.

"Nitampa dereva," alijibu Bi Chiku, kwa sauti ileile ndogo, na Mwantumu akalazimika kuziba sikio la pili kwa kiganja ndipo ampate.