Mfuko Wenye Uzi wa Kahawia

Usijifanye hukuona. Uliona, ukageuza uso, kama kawaida yako. Dirisha la jiko lako na la kwangu yanatazamana, najua umesimama hapo nyuma ya pazia na unanisikia. Basi sikiliza. Mimi si mtu wa kusahau, nitakukumbusha jambo baada ya jambo, na nitakwenda mbio, maana huko mbele wanagonga geti letu kwa mawe.

Miaka minane ulimpenda kaka yangu. Kila Alhamisi jioni ulikaa mbele ya ile tamthilia ya familia yenye nyumba kubwa, ukimsubiri mlinzi wao, mzee mpole aliyewapa watoto peremende kutoka mfuko wa shati. Mlinzi yule ni kaka yangu, tumbo moja. Mtaani hukujali hata jina lake, ulimwita Babu Geti. Wanao walimkimbilia wakidai peremende, naye akaanza kuzibeba kweli, kwa kuona haya kuwaambia watoto kwamba zile ni za kwenye televisheni tu.

Shati lile nililishona mimi, fundi cherehani wa tamthilia ile tangu siku ya kwanza. Asubuhi moja mfuko wa kushoto ulichanika wakati kamera zimeshawekwa, na uzi mweusi ulikuwa umeniishia. Nikashona kwa wa kahawia. Mwongozaji akasema acha, kamera haioni hayo. Kamera iliona, na nyinyi mkaona. Hata watoto walipocheza mlinzi na wageni, walijichora mstari wa kahawia kifuani.

Tamthilia ikaisha. Baada ya miezi sita kituo kikatangaza nyingine iliyozaliwa humo humo. Sisi wa kazini tuliziita mama na mtoto. Huyo mtoto, tamthilia mpya, angemfuata mlinzi peke yake, maisha yake nje ya lile geti. Kaka alinikumbatia nikiwa na sindano mdomoni.

"Mdogo wangu, miaka minane nafungulia watu geti. Sasa na mimi nitafunguliwa!"

"Na nani? Mimi? Nitakuacha kwanza unyeshewe."

"Wivu huo. Shona, shona."

Mwongozaji akaniletea picha ya shati la zamani, ameikuza kama ramani. "Fundi, nataka hili hili. Mfuko uleule, uzi uleule wa kahawia."

"Shati jipya nilishone kama lililochanika?"

"Lazima liungane na mama. Tutapachika picha mpya katikati ya zile za zamani, mtu asione tulipounga."

Nilihesabu mishono ya kwenye picha, kumi na saba, nikaishona kumi na saba. Nikajisifu, mjinga mimi.

Kaka hakupewa mswada wote. Walisema siri itavuja. Alipigwa picha kipande kipande: shika kitasa, tazama kushoto, funga mlango, asante mzee, nenda kanywe chai. Alhamisi iliyopita tukakaa kuitazama sehemu ya nne. Ikaonyeshwa picha ya zamani, ile uliyoipenda, mtoto anapokea peremende na kucheka. Kisha, bila hata kupepesa macho, shati lilelile, mfuko uleule, mkono wa kaka unafunga mlango wa stoo, na ndani mtoto analia.

Yaani zile peremende za miaka minane zilikuwa chambo. Hawakubadilisha kitu hata kimoja kwenye tamthilia mama. Waliweka mlango mmoja tu katikati yake, na wema wote ukageuka.

Kaka alicheka. "Hee! Kumbe mimi ni mbaya kiasi hiki?" Halafu akaangalia mikono yake. Mimi niliangalia mfuko.

Kesho yake muuza mboga alisimama mbele ya wanawe. "Mzee, pita mbali."

"Mama, ule ni mchezo tu."

"Mchezo na macho yangu ninayo? Lile shati nalijua tangu zamani! Unataka kuniambia si lenyewe?"

Wewe ulikuwepo, umeshika nyanya. Ukaikagua ile nyanya kama daktari.

Nilikwenda kituoni kudai waseme hadharani kwamba vipande vile ni vipya. Binti wa mapokezi alinitazama kwa huruma. "Shangazi, ungeshukuru. Hawajawahi kutazamwa hivi." Jumamosi mtu alimrushia kaka jiwe likampata begani. Jumapili hakutoka. Watu walianza kusimama ng'ambo ya barabara, wanatazama tu mlango wetu, kama wanavyotazama kioo cha televisheni.

Na leo mchana binti wa kinyozi, yule wa miaka mitano, hajulikani alipo.

Baba yake alikuwa na wembe shingoni mwa mteja, alipogeuka hayupo. Hakuuliza majirani. Hakuuliza kwao mkewe. Mtu mmoja alitamka tu "Babu Geti," na mtaa mzima ukajua cha kufanya.

Sasa kaka yuko chini ya meza yangu ya kukatia nguo. Mtu mzima wa miaka hamsini na minane, amekunja magoti hadi kifuani. Ananiuliza kwa sauti ya chini, "Kwani nimefanya nini?" Nasikia bawaba ya geti inalia. Kinyozi mwenyewe ana nondo.

Mimi najua alipo yule mtoto. Nilikuwa barazani na cherehani nilipomwona mama yake mdogo amemshika mkono, wanakwenda kusukwa. Nimepiga simu ya huyo mama mdogo mara kumi, imezimwa. Nimepanda ngazi nikawapigia kelele juu ya ukuta. Unajua kinyozi alinijibu nini?

"Wewe ni dada yake! Na shati umeshona wewe!"

Kweli. Nimelishona mimi, na kwa hilo neno langu halifai kitu leo. Nitalibeba hilo nikiwa hai, kama wataniacha hai.

Lakini yule mama mdogo alipita mbele ya mlango wako. Ulikuwa unaanika mashuka. Alikusalimia, ukamwitikia, hata ukamtania mtoto kuhusu nywele zake, akacheka. Nilisikia. Hukushona kitu wewe, wala hakuna undugu kati yako na yeyote humu ndani. Kinyozi anakunyoa wewe na wanao. Atakusikiliza.

Bawaba ya juu imeng'oka. Imebaki moja.

Acha hilo pazia. Usitafute viatu, usisubiri mwingine aanze. Toka mlangoni mwako, ingia katikati yao, mshike kinyozi mkono wenye nondo na umwambie mtoto yuko na nani. Toka. Toka sasa hivi!