Kalamu Nyekundu ya Mjomba

Meneja aliniuliza swali moja tu: "Huyu mjomba wako, kwa nini kila mara anachelewa siku mbili?"

Jibu nililijua. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nililijua, nikalimeza, kisha nikasema, "Uzee, bosi."

Duka letu liliuza miwani, na kila baada ya miezi mitatu tuliwatumia wateja kadi kwa posta kuwakumbusha waje kupima macho. Mjomba, kaka yake mama, alizichapa kwa miaka kumi na mmoja katika chumba chake kilichonuka wino. Sasa wakubwa walitaka kujua kama tununue mashine yetu, tuchape wenyewe. Ripoti nilipewa mimi niandike. Na nilishanong'onezwa kwamba chumba kipya cha uchapaji kikifunguliwa, mkuu wake ni mimi. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, nami niliinama mpaka paji likagusa sakafu.

Mjomba hakuwa mzembe. Ratiba za mazishi za mji mzima zilichapwa kwake, kwa hiyo hakuna aliyezikwa bila jina lake kupita mikononi mwa mjomba. Orodha ya wateja wetu ikimfikia, aliketi dirishani na kalamu nyekundu, akawakata waliofariki, jina baada ya jina. Akiwa na shaka, alivaa viatu akaenda kuuliza.

"Mjomba, umekuwa karani wa makaburi," nilimtania siku moja nilipofuata kadi nikakuta bado.

Alicheka mpaka akavua miwani. "Mpwa wangu, mjane asiokote barua ya marehemu mlangoni. Njoo kesho."

Katika ripoti niliandika: huchelewa siku mbili. Ukweli mtupu, na uongo mtupu.

Mashine ilipoletwa, nilikwenda kumwambia. Alisikiliza huku akifuta mikono kwa tambara.

"Orodha atakuwa anasoma nani?"

"Kompyuta."

"Haya. Mwambie asome polepole."

Mwaka uliofuata mama alifariki. Ratiba ya mazishi yake mjomba aliichapa peke yake, mlango ameufunga, hakutaka msaada wa mtu. Siku niliporudi kazini kutoka msibani, kadi za msimu zilikuwa zinasubiri. Nilibonyeza kitufe mwenyewe. Zilitoka elfu nne kabla ya saa sita mchana, nami nikajisifu kwamba hata msiba haujanirudisha nyuma. Kumbe mama alikuwa humo, mteja wetu tangu nilipompeleka mwenyewe kupimwa macho.

Wiki ile ile tulikuwa nyumbani kwa mama, mimi na mjomba, tukikunja nguo zake. Kitu kikapenya chini ya mlango. Mjomba aliinama akakiokota, akakisoma kwa sauti yake ya kawaida, jina la dada yake kwanza, halafu yaliyofuata: "Mteja wetu mpendwa, ni muda mrefu hatujakuona. Tunakusubiri."

Alipitisha kidole gumba ukingoni mwa kadi, kama alivyozoea kukagua karatasi iliyokatwa. "Mmekata vizuri," alisema.

 Ningeweza kunyamaza tena, maana kunyamaza nilishakuzoea.

"Mjomba, meneja aliniuliza kwa nini ulikuwa unachelewa. Nikamwambia uzee."

"Najua. Alinipigia simu, akanipa pole ya uzee."

"Na hukuniambia kitu?"

"Nilikuwa nakusubiri uniambie wewe."

Akatoa kalamu nyekundu mfukoni. Aliiweka kadi juu ya meza, akapiga mstari juu ya jina la mama, taratibu, umenyooka kama umepigwa kwa rula.  Kisha akanikabidhi kalamu, akarudi kukunja nguo za dada yake.